Zuio Limebandikwa Mlangoni: Mada Niliyoitoa kwa Vijana wa Miembeni

(Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana wa kata ya Miembeni, Bukoba mjini. Wengi mliomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyosema, ila nimepunguza utani.)

Mwenyekiti aliniambia, "Dada, njoo utueleze kuhusu kudharau mahakama, lakini usituletee Kilatini." Nimemwahidi. Tangu 2021 sheria yetu inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili, kwa hiyo sina kisingizio.

Nianze na kilichonileta. Wiki iliyopita nilitumiwa ujumbe wa sauti uliokuwa unazunguka kwenye magrupu yetu. Kuna ukoo mmoja huko Muleba unataka kumwondoa mkuu wake. Mahakama imetoa zuio. Kuna watu wanatafuta vijana "wenye msimamo" wa kwenda kusindikiza mkuu mpya asimikwe kwa nguvu, na wamewafuata vijana wa chama kwa sababu tunasifika kwa kutoogopa. Nauli ipo, lubisi ipo, na nyama ipo. Baadhi yenu mmo humu ndani na mmeshasema ndiyo. Siwataji. Nimekuja kuwaomba msiende, na nitawaeleza kwa nini, tena kwa kuanzia nyumbani kwangu.

Mwaka wa tetemeko, 2016, nilikuwa nimemaliza mtihani wa darasa la saba siku mbili tu kabla ardhi haijatikisika tarehe 10 Septemba. Baada ya hapo tulilala nje wiki kadhaa, na kwenye moto wa usiku wazee wakawa hawana la kuzungumza zaidi ya mkuu wa ukoo wetu. Alikuwa mzee sana. Ilisemekana ameuza kipande cha kibanja cha ukoo, upande wa makaburi, kwa mtu wa nje. Na kweli aliuza. Karatasi ya mauziano niliiona mimi mwenyewe baadaye, ina dole gumba lake. Ukoo ukakaa, ukapiga kura, ukamwondoa. Mzee akakimbilia mahakamani. Mahakama ikatoa zuio la muda: asiondolewe, asibadilishwe, nyumba na vitu vya ukoo visiguswe mpaka kesi ya msingi isikilizwe.

Baba mkubwa aliisoma ile karatasi, akaikunja, akaiweka mfuko wa shati. Akasema ukoo wetu hauongozwi kwa karatasi. Jumapili yake wakaenda vijana kama ishirini, wakavunja kufuli, wakachukua funguo na daftari la ukoo, wakamsimika mkuu mpya pale pale uani. Mimi nilikuwa napika. Nakumbuka tulicheka sana siku hiyo.

Baada ya wiki mbili wakaitwa kujieleza kwa nini wasifungwe. Baba mdogo, ambaye hata hakuwa kwenye uongozi, ila ndiye aliyeshika nyundo, alikaa ndani siku 21. Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba tulikuwa na kesi nzuri. Tulikuwa na karatasi yenye dole gumba! Badala ya kuzungumzia kibanja, mwaka mzima ukaliwa na kufuli. Nani alivunja, nani alituma, nani aliona amri, nani alisaini kuipokea. Mnunuzi akapata muda wa kung'oa mibuni na kujenga msingi. Mzee akafariki, na kwenye karatasi za mahakama alifariki akiwa bado mkuu wa ukoo.

Sasa tuingie kwenye sheria kidogo. Kudharau mahakama kuna sura mbili, na watu wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza ni ile ya kumtukana hakimu, kupiga kelele mahakamani, kukataa kujibu ukiwa shahidi. Hiyo ni jinai, ipo kifungu cha 114 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake iliyoandikwa pale ni kifungo cha hadi miezi sita au faini isiyozidi shilingi 500. Ndiyo, mia tano. Bodaboda wa Miembeni hakupeleki popote kwa hela hiyo. Msicheke sana, kwa sababu hiyo miezi sita haijapungua thamani kama shilingi.

Sura ya pili ndiyo iliyotukuta sisi. Mahakama ya madai imetoa amri, wewe unaijua, na unafanya kinyume. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Amri ya 37, inaipa mahakama uwezo wa kukamata mali yako na kukuweka gerezani kama mfungwa wa madai, muda usiozidi miezi sita. Hapa hatubishani kama amri ilikuwa ya haki. Swali ni fupi: amri ilikuwepo? Uliijua? Uliivunja? Kama majibu ni ndiyo tatu, basi. Ndiyo maana ile "sikuipokea mkononi" ni utetezi dhaifu kama imesomwa mbele yako mahakamani au imebandikwa mlangoni na wewe umeipiga picha ukaitupia kwenye grupu. Vijana wetu hujimaliza hapo. Tunapiga picha ya zuio, tunaandika "hatutishwi", halafu tunakwenda kuapa kwamba hatukuliona.

Na kuna kanuni nyingine, ilisemwa vizuri na Jaji Denning wa Uingereza mwaka 1952 katika kesi ya Hadkinson, mama mmoja aliyemhamisha mtoto nje ya nchi kinyume cha amri: mtu aliyevunja amri anaweza kunyimwa kusikilizwa mpaka kwanza ajisafishe. Yaani una hoja, una wakili, una karatasi yenye dole gumba, na mlango umefungwa kwa sababu yako mwenyewe. Ilitutokea.

Najua mnachotaka kuniuliza. "Dada, sisi ni upinzani. Hii mahakama unayotuambia tuiheshimu inatuheshimu?" Juni 2025 Mahakama Kuu Dar es Salaam iliamuru CHADEMA isimamishe shughuli za siasa na isitumie mali zake wakati kesi inaendelea. Hiyo kesi nitaipita, ina mawakili wake. Ila hasira naijua, ninayo pia. Kwa hiyo swali lenu ni la haki na silifuniki kwa maneno matamu. Ngoja nilijibu kwa historia, maana suala la kumwondoa chifu ndilo limefundisha Afrika Mashariki mengi kuhusu nani hasa huidharau mahakama.

Tuanze na jirani zetu wa ng'ambo ya Mutukula. Tarehe 30 Novemba 1953 Gavana Andrew Cohen alimvua Kabaka Mutesa wa Pili utambuzi wa serikali ya Uingereza, akampandisha ndege, akamtupa London. Alisema anatumia kifungu cha 6 cha Mkataba wa Buganda wa 1900. Waganda walikuwa na kila sababu ya kuchoma mji. Waligoma, waliomboleza, na pia wakaenda mahakamani. Novemba 1954 Mahakama Kuu ya Uganda ikasema serikali ilikosea kutumia kile kifungu cha 6. Haikumrudisha Kabaka, ilisema pia kwamba kitendo chenyewe cha dola kiko nje ya uwezo wake. Lakini hoja ya kisheria ya gavana ilikuwa imekufa hadharani. Oktoba 1955 Mutesa akarudi Kampala. Siwaambii mahakama ndiyo iliyomrudisha peke yake. Nawaambia ile hukumu isingekuwa na uzito wowote kama waliokwenda kuidai wangekuwa wao wenyewe watu wa kuvunja amri.

Hapa kwetu wakama wa Kiziba, Ihangiro, Kihanja, Karagwe na wengine walikaa kwenye viti vyao chini ya sheria za mkoloni, ile ya 1926 ya Mamlaka za Wenyeji na baadaye ya Machifu ya 1953. Uchifu ulihitaji mila, lakini pia ulihitaji gavana. Mwaka 1963 serikali huru ikaufuta uchifu nchi nzima. Mimi si mtu wa kulilia ufalme. Bibi yangu alizaliwa kwenye kibanja cha nyarubanja na alikuwa anajua maana ya kulima ardhi ambayo mwenyewe ni mtu mwingine. Nyarubanja ilipofutwa miaka ya sitini, hakulia.

Lakini kuna jambo moja katika kufuta uchifu ambalo lazima mlijue. Thomas Marealle alikuwa Mangi Mkuu wa Wachagga tangu mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Mwaka 1960 Wachagga wakapiga kura, wakataka kiongozi wa kuchaguliwa, na Solomon Eliufoo akashika uongozi. Kumwondoa kwa kura, sawa, hiyo ndiyo demokrasia. Marealle akadai fidia mahakamani, na akashinda. Kilichofuata ni kwamba Bunge lilitunga sheria ya matokeo ya kufutwa uchifu, ikaja kurekebishwa, na haki ya kudai ikafutwa kwa kurudi nyuma. Hukumu aliyoishika mkononi ikageuka karatasi ya kufungia karanga. Wakati huo Katiba yetu haikuwa hata na sura ya haki za binadamu. Hiyo iliingia 1984.

Hapo nani aliidharau mahakama? Hakuna kifungu cha 114 kinachomgusa mbunge aliyenyoosha mkono. Kisheria ile haikuitwa dharau. Mimi naiita dharau, na nikifeli mtihani kwa kusema hivyo nitafeli. Kuvunja kufuli la mlango na kuvunja hukumu kwa kura za wengi vinatofautiana suti tu.

Na hii ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuwaomba msiende Muleba. Kama sisi tunasema dola isiruke amri ya mahakama, hatuwezi kuwa tunaruka amri ya mahakama kwa sababu ya sufuria la nyama.

Kuna aliyeniuliza hapo nyuma: sasa tunyamaze? Hapana. Kukosoa na kuvunja amri ni vitu viwili. Mnajua Mwalimu Nyerere alishitakiwa? Mwaka 1958, kwa kashfa ya jinai, kwa sababu ya makala katika Sauti ya TANU iliyowashambulia Bwana Shauri wa Musoma na wa Geita. Na sehemu ya habari ile ilihusu chifu! Kisa kimojawapo kilimhusu Makongoro, chifu wa Ikizu, na namna alivyoandamwa. Wakili wake akawa D. N. Pritt kutoka Uingereza. Mwalimu akatiwa hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Wafuasi wengine walitaka aende jela awe shujaa. Alilipa. Uchaguzi ulikuwa unakuja mwaka huo huo na alikuwa na kazi ya kufanya. Alisema alichotaka kusema, akakubali gharama yake mbele ya mahakama, na chama kikaendelea kutembea. Msinukuu vibaya kwamba nimekuwa CCM leo. Nasoma historia tu.

Twende mbali kidogo, Kano, Nigeria, kwa sababu ndiko mambo haya yamechanganyika kuliko popote ninapopajua. Machi 2020 gavana mmoja alimwondoa Emir Sanusi. Mei 2024 gavana mwingine, wa chama kingine, akasaini sheria ya kumrudisha na kumwondoa Emir Aminu Ado Bayero. Usiku ule ule Mahakama Kuu ya Shirikisho ikatoa amri ya kusimamisha utekelezaji. Serikali ya jimbo ikaendelea: Sanusi akaingia ikulu ya kale. Aminu naye akarudi mjini, akakaa kwenye ikulu ndogo ya Nassarawa. Mahakama ya jimbo ikatoa amri za kumpinga Aminu, ya shirikisho zikimlinda. Juni, jaji wa shirikisho akabatilisha hatua zote zilizochukuliwa kinyume cha amri yake. Januari 2025 Mahakama ya Rufani ikasema jaji yule hakuwa na mamlaka tangu mwanzo, masuala ya uchifu ni ya mahakama ya jimbo. Mji mmoja, maemir wawili, polisi kila kona, na kila upande una karatasi yenye muhuri.

Kwa nini nawapeleka Kano? Kwa sababu mtu mjanja ataniambia: "Unaona? Amri ilikuwa batili, waliokataa kuitii walikuwa sahihi." Hapana. Waliofanya iwe batili ni Mahakama ya Rufani, baada ya hoja. Kabla ya hapo ilikuwa amri. Ukijipa wewe kazi ya kuamua amri ipi ni batili, na jirani yako naye ajipe, matokeo yake ni maemir wawili. Kwa ukoo wenu wa Muleba ni wakuu wa ukoo wawili, kila mmoja anauza kipande chake.

Sababu ya pili ni ya kibiashara, nisameheni lugha. Rekodi yako ni mali. Mwaka 2014 Zitto Kabwe alikwenda Mahakama Kuu kuizuia Kamati Kuu ya CHADEMA isijadili uanachama wake. Kina Kitila Mkumbo na Samson Mwigamba walifukuzwa. Wa kwake ukazuiwa. Watu walichukia. Lakini chama kikasubiri, zaidi ya mwaka. Machi 2015 kesi ikatupwa, na siku hiyo hiyo chama kikatangaza kwamba si mwanachama tena. Unaweza kukubali au kukataa uamuzi wenyewe, mimi nina maoni yangu na leo siyasemi. Ila hakuna aliyefungwa, na hakuna aliyehitaji kujieleza kuhusu kufuli.

Na mkitaka kuona kiongozi wa serikali akibanwa, tazameni Kenya. Machi 2018 mahakama iliamuru Miguna Miguna aachiliwe uwanja wa ndege wa Nairobi. Haikutiiwa, akapakiwa ndege hadi Dubai. Jaji Odunga akawatia hatiani kwa dharau Waziri Matiang'i, Inspekta Jenerali Boinnet na mkuu wa uhamiaji Kihalangwa, shilingi 200,000 za Kenya kila mmoja, zikatwe kwenye mshahara. Ndogo kwao? Labda. Lakini wanasheria waliosimama siku ile kuomba hivyo walikuwa na mikono misafi. Mkono mchafu haunyooshwi kumshitaki waziri kwa dharau.

Sasa kuhusu huo ukoo. Nimeuliza, nimeambiwa zuio ni la muda. Sheria yetu inasema zuio la namna hiyo lisizidi miezi sita, linaweza kuongezwa, lakini si milele. Pia aliyezuiwa anaweza kuomba mahakama hiyo hiyo ilitengue au ilibadilishe. Hicho ndicho cha kufanya, na gharama yake ni ndogo kuliko hiyo nyama. Mtu aende na nakala ya amri, asome tarehe, asome imemzuia nani na kufanya nini hasa. Mara nyingi amri ni finyu kuliko watu wanavyodhani. Kama imezuia kusimika mkuu mpya, haijazuia ukoo kukaa kikao. Haijazuia kuandika muhtasari. Haijazuia kuhesabu mibuni, kupiga picha mipaka, kumwomba mtendaji wa kijiji ashuhudie. Fanyeni hayo yote. Na msidanganyike kwamba kukata rufaa kunasimamisha amri. Hakusimamishi mpaka mahakama iseme hivyo.

Dada mmoja ameniuliza kama mahakama ya juu ilishawahi kumsikiliza mtu wa huku kwetu dhidi ya ukoo. Ndiyo, na ilianzia hapo Muhutwe. Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, mwaka 1988. Bernardo Ephraim akamshitaki Mahakama ya Mwanzo Muhutwe kwamba mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza. Holaria akashindwa pale. Hakung'oa mtu, hakuvunja mlango. Akakata rufaa Wilaya, akashinda. Ikapanda Mahakama Kuu Mwanza, na Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inagongana na Katiba. Wasichana wote mliomo humu mnaoweza kuuza shamba mlilorithi, mnamdai asante mama aliyesubiri.

Niko Bukoba hadi wiki ijayo, nafikia kwa shangazi, mwenyekiti anajua nyumba. Mwenye nakala ya lile zuio la Muleba aniletee tulisome pamoja, na mwenye namba ya anayeandaa hiyo safari ampigie leo amwambie gari lisije. Baba mdogo amekubali kuja naye kama mtamtaka. Hapendi kuzungumzia zile siku 21, lakini kwa hili amesema atazungumza.